Kiti cha Bi Tatu

Wenzangu mliobaki karakana mmenisifu sana kwa kile kiti cha daraja la kwanza kilichopo kwenye makumbusho ya reli. Mmepiga nacho picha, mmeziweka kwenye kundi letu la simu, na mmoja wenu akaandika, "Bi Zuhura hajawahi kukosea." Nashukuru, mwanangu, Mungu akuzidishie. Lakini nilikosea, tena pale pale kwenye kiti hicho hicho. Kwa kuwa nimeshastaafu na hakuna tena wa kunipa barua ya onyo, nimeona niwaeleze mwenyewe. Kiti kile kilikuwa kazi ya Bi Tatu, aliyenifundisha ufundi. Katika kazi zake zote kilibaki hicho kimoja tu, na mimi ndiye niliyekivua ngozi yake nikaigawa.

Wengi wenu hamkumkuta Bi Tatu, kwa hiyo nitaanza naye.

Nilipoingia karakana ya mabehewa nilikuwa na miaka ishirini. Nilitoka Buguruni kwa miguu, cheti changu cha ushonaji nimekifunga kwenye pindo la kanga kisilowe jasho. Nilijua nitapewa cherehani. Bi Tatu, mwanamke mfupi wa Kariakoo mwenye sauti ya kuitia watu walio mtaa wa pili, alikisoma cheti mpaka mwisho, akanirudishia, akanipa koleo. Akanionyesha rundo la viti vilivyotolewa kwenye mabehewa. Kwa majuma matatu kazi yangu ikawa kung'oa vimisumari, kufumua nyuzi, kutoa usumba wa zamani, zile nyuzi za makumbi ya nazi zilizojazwa ndani, na kupiga chafya. Vimisumari vilivyopinda nilivinyoosha kimoja kimoja juu ya kipande cha reli. Vijana wa upande wa bodi za mabehewa walikuwa wakipita wananitania, "Zuhura, vipi, bado hujahitimu kung'oa?" Nililia mara mbili, zote chooni.

Lakini ndani ya viti kuna mambo. Niliokota vitana, tasbihi, tiketi zilizofifia, vijiko, na siku moja jino la mtoto limefungwa kwa uzi mwekundu. Nilitaka kulitupa. Bi Tatu akanipokonya, akatoka nje, akalirusha juu ya paa la karakana. "Mtoto wa watu huyu, aote jingine," akasema, akarudi kazini kama aliyetoka kunawa mikono. Huyo mtoto kwa hesabu zangu alikuwa ameshakuwa mtu mzima, pengine ameshaanza kuyapoteza tena, lakini nani angemwambia Bi Tatu?

Yeye mwenyewe alifundishwa na mzee mmoja wa Kigoa, wale Wahindi wa kutoka Goa, ambaye hakutaka kumfundisha mwanamke. Mzee yule alifanya kazi amempa mgongo, na Bi Tatu akajifunza kwa kuchungulia begani. Nadhani ndiyo maana mimi alinifundisha uso kwa uso, tena karibu mno, mpaka nikawa najua amekula nini asubuhi. Alinifundisha kuupaka uzi nta ya nyuki kabla ya kushona, usikatike. Alinifundisha kuichagua shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na kuipinda kwa moto ili uweze kushona mahali ambapo mkono hauingii. Alinifundisha kushika vimisumari mdomoni na kuvitoa kwa ulimi kimoja kimoja, kichwa kikitangulia, huku nyundo haisimami. Kimoja nilikimeza. Bi Tatu akaninunulia ndizi za kuiva, akanilisha sita, akanipangia kazi karibu na choo kwa siku mbili. Taarifa haikwenda ofisini. Kimisumari chenyewe kilitoka, na aliniagiza nikihesabu pamoja na vingine.

Alama yake ilikuwa mshono. Mahali vipande viwili vya ngozi vinapokutana, sisi wengine tulishona mstari mmoja. Yeye alishona mishazari kutoka pande mbili, tukauita mshono wa mfupa wa samaki. Ukipitisha kidole unahisi vijiti vyake. Nilijaribu kuuiga miaka yote na sijauweza, wangu unatoka kama samaki aliyekanyagwa.

Kulikuwa na kazi ngumu. Dereva mmoja mwenye mgongo mbovu alikataa viti vitatu mfululizo, cha nne Bi Tatu akamwambia ageuke, akampima makalio kwa kamba mbele ya karakana nzima. Kiti kile alikipenda mpaka akawa anataka kuhama nacho kila anapobadilishiwa kichwa cha treni. Safari nyingine kililetwa kiti cha daraja la tatu ambacho mama mmoja alijifungulia njiani. Vijana walishika pua na kuanza maneno yao. Bi Tatu aliwatoa nje wote, akakiosha kwa mikono yake, akakianika juani. Kisha akaniambia mama yule na mwanawe walifika salama, alikuwa ameshaulizia stesheni. Sikuwahi kumwona mtu mwingine pale akiulizia habari za abiria baada ya treni kupita.

Miaka ikaenda. Ngozi ikapotea, ikaja ya plastiki. Usumba ukapotea, likaja sponji. Bi Tatu akastaafu, kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu, na mimi nikakalia kigoda chake. Sasa kuna treni ya umeme, na viti vyake vinakuja vimeshashonwa huko vilikotoka, vizuri tu, sina neno navyo. Mabehewa ya zamani yakasukumwa njia ya pembeni yakisubiri kukatwa.

Miezi michache kabla sijastaafu ikaja habari kwamba behewa moja la daraja la kwanza litanusurika, litawekwa kwenye makumbusho ya reli. Kukaja na karatasi. Karatasi ilisema viti viachwe kama vilivyo.

Niliisoma, sitawadanganya. Lakini nyinyi mnaijua karakana. Miaka yangu yote pale, karatasi ya kuacha kitu kama kilivyo ilikuja siku ambayo stoo hakuna vifaa. Nikasema hawa nao maskini, hawana ngozi, wanaona haya kusema. Nikaingia ndani ya lile behewa. Viti vingine vyote vilikuwa vimeshabadilishwa kuwa plastiki, kimebaki kimoja pembeni ya dirisha, ngozi ya rangi ya damu ya mzee, imechanika katikati na panya wameshaanza kutengeneza makao. Mshono wa mfupa wa samaki juu mpaka chini. Kazi ya Bi Tatu. Nikasema haiwezekani wageni wakaja kutazama kazi ya mwalimu wangu ikiwa matambara. Nilikuwa nimeficha kipande kizima cha ngozi halisi miaka mingi juu ya kabati, sijui nilikuwa namfichia nani. Nikakishusha.

Majuma matano. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Usumba niliufuata mwenyewe Buguruni kwa watengeneza magodoro, nikauchambua uzi kwa uzi. Springi nilizifunga upya zote. Ngozi ya zamani niliitia kwenye gunia, na Dulla, fundi viatu wa Kariakoo anayekuja kuchukua mabaki yetu tangu enzi za baba yake, akaja akalibeba.

Kisha akaja Neema. Neema ndiye binti anayesimamia vitu vya makumbusho, msichana mpole mwenye miwani, mnamjua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita uone."

Akapita. Akasimama mbele ya kiti. Akaweka mkoba wake chini taratibu.

"Mama, ile ngozi ya zamani iko wapi?"

"Ile ilikuwa imechanika, mwanangu. Panya walishaingia."

"Ndiyo hiyo tuliyokuwa tunaitaka."

Hakupaza sauti. Angepaza sauti ningepata la kumjibu, mimi kwa kujibu sijambo. Akakaa kwenye kiti cha plastiki upande wa pili akanieleza. Alikuwa amepekua madaftari ya zamani ya karakana, akalikuta jina la Bi Tatu, akamtafuta mpaka nyumbani kwake Kariakoo. Akamwalika kwenye ufunguzi. Bi Tatu alimwambia macho hayaoni tena lakini mikono anayo, atakuja kukishika kiti chake.

"Vingine vyote alivyoshona vilishakatwa pamoja na mabehewa yake," Neema akasema. "Nilimwambia kimebaki hiki. Alilia, mama."

Zilibaki siku kumi na moja. Sikuaga ofisini, nilitoka hivyo hivyo na aproni yangu, nikakata Mnazi Mmoja mpaka Kariakoo kwa Dulla.

"Shikamoo mama'angu!"

"Marahaba. Dulla, lile gunia la mwisho liko wapi?"

"Mama, ile ngozi noma! Ngozi ya kweli kabisa, kisu kinateleza. Nimetoa makubazi jozi tisa, mzigo haujalala hata siku mbili."

"Yako wapi?"

"Yako miguuni mwa watu, mama. Wanatembea nayo hapa hapa mjini."

Nikakaa juu ya ndoo yake. Vipande vidogo alikuwa ameshavipigilia kwenye visigino vya viatu vya watu wengine, hata kuvikumbuka hawezi. Kiti cha Bi Tatu kilikuwa kimeenea Kariakoo nzima na kila mtu amekanyaga sehemu yake.

Jumatano nilikwenda kwa Bi Tatu, nimeazimia kusema. Nyumba yake ni ile ya zamani yenye ua, imebanwa katikati ya maghorofa ya maduka. Nilimkuta barazani na mjukuu wake akimpima urefu wa mikono.

"Zuhura huyo," akasema kabla sijafungua mdomo. "Nimeshausikia mwendo. Njoo. Nimempa fundi kitambaa, nashonewa gauni la kwenda kuonana na kiti changu. Kipo kweli? Yule mtoto wa makumbusho asije akawa ananifurahisha tu."

"Kipo, Bi Tatu," nikasema.

Nikanywa chai, nikala na mkate wa kumimina, nikaaga. Nilitembea mpaka Mchafukoge bila kujua nakwenda wapi. Nimewahi kudanganya wakubwa wa kazi, nimewahi kudanganya wasimamizi wa stoo, na nililala usingizi mzuri tu. Ule uongo wa maneno matatu ulinikaa kooni kuliko kile kimisumari.

Dulla ndiye aliyenipa wazo. "Mama, wateja wangu wengi wanaswali msikiti wa mtaa huu. Njoo Ijumaa, viatu vyote vinakuwa vimevuliwa. Angalia tu."

Basi Ijumaa hiyo na iliyofuata nilikuwa mlangoni pa msikiti, mwanamke mzima na baibui langu, nimeinama, napindua viatu vya waumini. Ijumaa ya kwanza niliambulia patupu. Ya pili, yaani siku moja kabla ya ufunguzi, niliona kubazi la rangi ya damu ya mzee. Nikaliokota. Nikapitisha kidole ndani, mahali unyayo unapolala, nikahisi vijiti.

"Mama, vipi?" Alikuwa kijana anayelinda viatu.

"Nilikuwa natafuta kiatu, baba."

"Chako?"

"Hapana."

"Cha nani?"

"Simjui."

"Mama, unatafuta kiatu kisicho chako, cha mtu usiyemjua?"

Ukilisikia hivyo, kweli halijakaa vizuri. Watu wakaanza kutoka swalani, wakajaa. Mmoja akasema siku hizi hata kina mama! Mwingine akasema alipotelewa na viatu mwezi uliopita. Nililia hapo hapo, na kubazi nimelikumbatia, jambo ambalo halikunisaidia hata kidogo. Akatokea mwenyewe, mzee muuza kahawa wa mtaa ule, amebaki na kubazi moja mguuni. Akaniuliza kwa upole nina shida gani. Nikamweleza yote mbele ya watu, kiti, Bi Tatu, karatasi, panya.

Yule mzee alilitwaa kubazi lake, akaligeuza, akalitazama kama analiona mara ya kwanza.

"Kumbe nimekanyaga jasho la mtu," akasema. "Chukua, mama. Dulla atanishonea jingine. La kulia nitabaki nalo, maana nalo sasa nalipenda zaidi."

Akaondoka mguu mmoja pekupeku kwenye lami ya saa saba. Ndicho kile kiatu kimoja mnachokiona ndani ya kioo mnauliza kinafanya nini kwenye makumbusho ya reli. Mzee yule, popote alipo na birika lake, Mungu amlinde.

Jumamosi ikafika. Viti vimepangwa chini ya turubai, hotuba zimesomwa. Bi Tatu alikuja na gauni jipya la kijani, ameshika mkono wangu. Neema akatuongoza mpaka ndani ya behewa. Kiti kilikuwa kimezungushiwa kamba, na mlinzi kijana amesimama pembeni. Neema akanitazama. Nilikuwa nimemwomba aniachie niseme mwenyewe.

Sikuwahi. Bi Tatu alishainama juu ya kamba na mikono yake iko kwenye ngozi. Ikapita kwenye egemeo, ikashuka kwenye pembe, ikafuata mshono. Ikasimama.

"Hii si yangu."

"Siyo, Bi Tatu."

"Nani kaifanya?"

"Mimi."

"Yangu iko wapi?"

Nikafungua mkoba, nikamwekea kubazi mkononi. Alilipapasa. Kidole gumba kikapata mshono, kikaenda nao, kikarudi. Akalinusa.

"Zuhura, hiki ni kiatu."

Nikamweleza. Sikupunguza kitu, hata ile chai niliyokunywa kwake nikimdanganya. Nilimwambia naomba anisamehe, kwamba kila nilichokula miaka yote hii nimekula kwa mikono yake, na malipo yangu yakawa kumfutia kazi yake. Neema alikuwa amegeukia dirishani.

Bi Tatu alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, ikabidi nimshike.

"Watu wanakwenda msikitini kwa kiti changu, na wewe unalia?" Akajifuta macho kwa mkono wa gauni. "Sikiliza. Unadhani kabla ya ngozi yangu kiti hiki kilikuwa uchi? Ilikuwepo ya yule mzee wa Kigoa. Niliivua mimi. Nikampa baba yake huyo huyo Dulla wako. Mzee alikuwa hai bado, alikuwa akija kututembelea karakana, ananiuliza, kile kiti changu kipo? Namwambia kipo. Amekufa anajua kipo. Mimi sikumwambia, Zuhura. Wewe umekuja kuniambia."

Akaniachia mkono, akatafuta kamba kwa vidole, akaiinua, akapita chini yake. Akageuka, akakaa.

"Bibi, hapo hapakaliwi," mlinzi akasema, akaanza kusogea.

"Kwa hiyo mmeniita nije kusimama?"

"Mwache," Neema akasema.

Bi Tatu alikaa wima kwanza, kisha akaegemea. Akahama upande huu, akahama upande ule. Akabonyeza kwa kiganja pembeni yake, taratibu, uso umekunjamana kama siku za ukaguzi.

"Springi umezifunga kamba ngapi?"

"Nane."

"Mimi nilikufundisha sita."

"Ndiyo."

"Nani alikwambia nane?"

"Hakuna. Niliona sita zinalegea upande wa dirishani, watu wanakoegemea."

Akabonyeza tena. Nilisimama pale na miaka yangu sitini nikimsubiri, nimesahau behewa, nimesahau wageni. Miaka yote niliyofanya kazi chini ya mwanamke yule, neno lake kubwa la sifa kwangu lilikuwa "Haya, funika," yaani weka ngozi.

"Nane ni bora," akasema Bi Tatu. "Kaa basi, miguu itakuuma."

Nikainua kamba nikakaa karibu naye. Nilimshika mkono nikamwambia ahsante, kwa hilo na kwa mengine yote, nikayataja moja moja niliyoyakumbuka, naye akawa anaitikia "ehe, ehe" kubazi likiwa mapajani mwake. Tulikaa pale mpaka walipokuja kutuita kwenye pilau.